Ujumbe umefungwa, lakini simu iko wazi

Asubuhi, ukipita kandokando ya soko kuu la Bunia, utaona nyumba ndogo za kushaji simu. Ku meza kuko waya nyingi zimeshikana kama mizizi, na simu makumi mbili ao tatu zimepangwa moja karibu na ingine. Kila simu iko na kakaratasi kenye namba. Mwenye simu naye anaenda na namba yake, anarudi saa kumi. Bei iko kidogo, na bila ile kazi ya vijana, watu wengi wangebaki na simu zimezimika, juu umeme haufiki ku kila nyumba.

Sasa jiulize swali moja. Toka saa mbili ya asubuhi mpaka saa kumi, simu yako iko ku mikono ya nani?

Hatuulizi hivi juu ya kusema vijana wa kushaji ni wezi. Wengi wanaheshimu kazi yao, na wanajua simu moja ikipotea, biashara yote imekufa. Tunauliza juu watu wengi wakisikia neno "siri ku intaneti", wanafikiri watu wa mbali: kampuni kubwa za Marekani, serikali, ao wale wezi wa intaneti wanaokaa mbele ya kompyuta usiku. Wale wako, ni kweli. Lakini hapa kwetu siri nyingi hazitoki kupitia kule. Zinatoka ku meza ya kushaji, kwa fundi wa simu, mu grupu ya WhatsApp ya kartie, na ku ile menyu ya kutuma pesa.

Na mu Ituri, siri ikitoka, mara ingine si aibu tu. Namba ya simu, jina na kijiji vikikutana fasi moja, vinaweza kuweka mtu mu hatari. Ndiyo maana leo tunaeleza pole pole: nini imefungwa kweli mu simu yako, na nini iko wazi.

Bahasha imefungwa kweli

Tuanze na habari nzuri. Mwezi wa 4 mwaka 2016, WhatsApp ilimaliza kuweka kwa watumiaji wake wote namna ya kufunga ujumbe toka simu moja mpaka simu ingine. Ukiandika neno, simu yako inalifunga kabla halijatoka. Ufunguo wa kulifungua uko tu mu simu ya yule unayemwandikia. Njiani ujumbe unapita ku antena, ku kampuni ya simu, ku mashine za WhatsApp yenyewe, lakini wote wanaona bahasha iliyofungwa. Ni vile pia kwa sauti, picha na mazungumzo ya kupigiana kupitia WhatsApp.

Kwa hiyo mtu akikuambia kama kampuni ya simu inasoma WhatsApp yako kila siku njiani, mwambie hapana, haiko hivyo. Lakini bahasha iko na sehemu ya nje. WhatsApp inajua namba gani inaongea na namba gani, na saa gani, hata kama haijui mlisema nini.

SMS na simu za kawaida ziko tofauti. Zile hazina bahasha ya namna ile. Kampuni inajua uliita nani, dakika ngapi, antena gani ilishika simu yako, na SMS zinapita ku mashine zake. Tena inajua simu yenyewe. Ukiandika *#06#, utaona namba 15: ile inaitwa IMEI, ni kama jina la simu, na inabaki ileile hata ukibadilisha kadi SIM, ile tunaita "puce" hapa kwetu.

Wengi wetu tulisikia habari ya IMEI mara ya kwanza wakati wa RAM. Mu mwezi wa 9 mwaka 2020, serikali ilianza kuandikisha simu zote mu rejista, na yunite zikaanza kukatwa: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu za intaneti. Watu walipiga kelele toka Kinshasa mpaka Bunia, na mwaka 2022 malipo yakasimamishwa. Tulipiga kelele juu ya yunite, na tulikuwa na haki. Lakini ni wachache waliouliza: ile rejista inajua nini juu yangu? Ni vile tuko. Pesa ikitoka tunaona mara moja. Habari zetu zikitoka hatusikii kitu, mpaka siku zinaturudia.

Basi, bahasha inalinda barua njiani. Haifungi nyumba ya yule aliyeituma, wala ya yule aliyeipokea. Na ni ku zile nyumba mbili ndiyo mambo yanaharibika.

Dakika mbili zinatosha

WhatsApp inakubali utumie konti yako hata ku kompyuta. Unafungua fasi inayoitwa "Appareils connectés", unapiga picha ya kile kiraba chenye alama nyeusi na nyeupe kinachoonekana ku kompyuta, imekwisha. Ni kitu kizuri kwa mtu wa ofisi. Lakini simu yako ikiwa haina kode ya kuifungua, mtu yeyote mwenye kuishika kwa dakika mbili anaweza kuunganisha kompyuta yake. Akirudi kwake, anasoma yote unayoandika na yote wanayokuandikia. Haiombi simu yako iwe karibu, wala iwe imewashwa. Itakatika yenyewe tu kama simu yako imekaa siku 14 bila kutumia WhatsApp. Nani kati yetu anakaa siku 14?

Kwa fundi ni hatari ileile, na kidogo zaidi. Kioo kimepasuka, unapeleka simu, fundi anasema: "Yaya, niachie kode, nitajaribu kama kioo kinashika." Anaomba kwa kazi yake, si kwa ubaya. Lakini ukimwachia kode na uende soko, umemwachia picha zako zote, majina yote, na mara nyingi na pesa yako, juu wengi wanaweka kode moja kwa simu na kwa akaunti ya pesa.

Jina liko nyuma ya namba

Tuje sasa ku grupu. Karibu kila mtu iko mu grupu ya kartie, ya kanisa, ya wazazi wa shule, ya watu wa kijiji wanaokaa mjini. Toka mwisho wa mwaka 2022, grupu moja ya WhatsApp inaweza kubeba watu 1.024. Ujumbe wenyewe umefungwa, ndiyo, lakini umefungwa kwa watu 1.024! Ile si siri tena, ni mkutano wa soko. Mtu mmoja tu akituma nje, ama akipiga picha ya kioo chake, imetoka.

Na mu grupu, wengi wanaweza kuona namba yako. Mtu anasema: "Namba tu, itafanya nini?" Sikiliza vizuri. Yule mwenye kuona namba anafungua menyu ya kutuma pesa, ikiwa ni M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Anaandika namba, anaandika franka 500. Mara nyingi, mbele ya kukubali, jina la mwenye namba linaonekana, juu ya kumsaidia mtumaji asikosee. Anasoma jina, anakatisha. Hakutuma hata franka moja, lakini sasa anajua unaitwa nani.

Mu miji mingine, jina ni jina tu. Hapa kwetu, wazee wanasikia jina na wanajua mtu ametoka Djugu ao Irumu, Aru ao Mahagi, na mara ingine mpaka familia yake. Sisi watu wa Bunia hatuna haja ya kuelezwa sana. Mu vita ya mwaka 1999 mpaka 2003 watu walifuatwa juu ya asili yao. Toka mwisho wa mwaka 2017, mu Djugu na fasi zingine, mambo yalirudi, na maelfu ya watu walikimbilia mjini. Basi mu grupu, mtu akiandika "mimi niko shahidi, nimeona wale waliopita usiku", namba yake iko pale juu. Hakuandika jina, lakini jina liko mwendo wa dakika moja.

Sauti pia ni kitambulisho

Wengi wanapenda kutuma sauti kuliko kuandika. Ni rahisi, na wazazi wasiosoma nao wanashiriki. Lakini kumbuka kesi ya Thomas Lubanga kule La Haye. Ilianza tarehe 26 mwezi wa 1 mwaka 2009, na hukumu ikatoka tarehe 14 mwezi wa 3 mwaka 2012. Mashahidi wengi walikuwa watu wa kwetu. Mahakama iliwaita kwa namba mahali pa majina, na wakati wa kutangaza, sura na sauti za wengi ziligeuzwa ili mtu wa nyumbani asiwatambue. Mahakama kubwa vile, yenye walinzi na sheria, ilijua kama sauti peke yake inaweza kumuuza mtu.

Leo mama mmoja anashika simu, anasema kwa sauti yake mwenyewe, kwa lugha ya kwao: walipita fasi gani, walikuwa wangapi, nani aliwaonyesha njia. Anamtumia mdogo wake tu. Mdogo anatuma kwa grupu ya familia. Mu familia mmoja anatuma kwa grupu ya kartie. Jioni sauti imerudi kijijini, na wote wanajua ni sauti ya nani. Hakuna mwizi wa intaneti aliyeingia mule. Kila mmoja alituma kwa moyo mzuri, juu ya kuonya wengine.

WhatsApp yenyewe iliona hatari hii. Toka mwezi wa 4 mwaka 2020, ujumbe uliopita mikono mingi unaonyeshwa na mishale miwili, na huwezi kuutuma tena isipokuwa kwa mazungumzo moja kwa mara moja. Ile inapunguza mbio, haizuii. Ukiona mishale miwili, ujue kama yule aliyekutumia si yeye aliyeona.

Picha nazo ni vilevile. Ukituma picha kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, ile alama iliyofichwa inayosema fasi ilipopigwa inatolewa. Ukiituma kama dokima, inabaki. Lakini macho ya watu hayaombi alama. Kibao cha shule, mlima nyuma, rangi ya hema mu kambi ya Kigonze, vinatosha kusema wale watoto ku picha wanalala wapi.

Hata sisi watu wa redio tunapashwa kujichunga. Msikilizaji akitutumia sauti yenye jina na fasi, kazi yetu ni kutumia habari na kuchunga mtu: kusoma maneno kwa sauti yetu, kutoacha namba yake ku kioo cha simu ya studio, na kufuta ikiisha kazi. Msikilizaji anayo haki ya kutuuliza kama tumefuta.

Ile kode ya namba sita

Ubaya mwingine unapita mlango huohuo. Unapokea SMS yenye namba sita. Nyuma ya dakika moja, mtu unayemjua anakuandikia: "Mama, nimekosea, nimetuma kode yangu kwako, unirudishie." Ukimpa, amechukua WhatsApp yako. Yule anayekuandikia si ndugu yako, ni yule aliyemwibia ndugu yako asubuhi. Mchana atakuwa wewe, ataandikia watu wako wote: "Niko hospitali, nitumie dola 20, nitarudisha kesho." Na watatuma, juu wanakupenda.

Kumbuka tu: kode inayokuja ku simu yako haiwezi kuwa ya mtu mwingine. Hata anayekupigia akisema iko mufanyakazi wa kampuni ya simu, hata akijua jina lako lote. Tumeona pale juu vile jina linapatikana.

Ukitupa kadi SIM ao ukiiacha miezi mingi bila kuitumia, kampuni inaweza kuuza ile namba kwa mtu mwingine. Kode za konti zako za zamani zitamfikia yeye. Mbele ya kuacha namba, hamisha WhatsApp na konti zingine ku namba mpya, na uwaambie watu.

"Mimi sina cha kuficha"

Muzee mmoja atasema: "Hizi ni habari za watu wenye mambo ya giza. Mimi niko mtu wa haki, sina cha kuficha." Tunamheshimu, lakini hata mtu wa haki anafunga mlango akienda kuoga. Si juu amefanya kosa.

Tena, simu ya muzee si ya muzee peke yake. Fungua namba zilizomo: kuko shemeji aliyeshuhudia, mwalimu wa kijiji, binti aliyetuma karatasi ya hospitali, jirani wa asili ingine aliyewaficha mwaka ule. Siku simu inaanguka mu mikono ya mwenye silaha njiani, wale wote wameanguka pamoja nayo. Muzee hana cha kuficha kwa ajili yake mwenyewe. Lakini ameshika siri za watu mia mbili, na hawakumpa ruhusa ya kuziacha ku meza.

Wengine watauliza juu ya bwana na bibi wanaotumia simu moja, ao mama na watoto. Kila nyumba iko na mpango wake, hatuingii mule. Tunasema tu: simu ikitumiwa na wengi, watoto nao wajue kutotoa kode, na kutofungua kila kitu chenye kuahidi mega za bure.

Sheria inasema nini

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, kifungu cha 31, inasema kila mtu iko na haki ya maisha yake ya siri kuheshimiwa, pamoja na siri ya barua na mawasiliano yake, isipokuwa pale sheria yenyewe imeruhusu. Tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 ikaja sheria kubwa ya mambo ya dijitali, ile inaitwa "Code du numérique". Inaongea juu ya kulinda habari za watu, na inapiga adhabu mtu mwenye kuanzisha ao kupitisha habari ya bongo juu ya mwingine ku mitandao. Angalia lile neno "kupitisha". Kusema "mimi nilituma tu vile nilipata" haitoshi kukuokoa.

Lakini sheria inakuja nyuma ya kosa. Sauti ikisha kutoka, hakimu hawezi kuirudisha mu simu.

Mambo ya kufanya leo

Haya yote ni bure, na mega zake ni kidogo sana.

Weka kode ku simu, na kode ingine tofauti kwa pesa. Tarehe ya kuzaliwa hapana, 1234 hapana.

Mu WhatsApp, ingia "Paramètres", halafu "Compte", halafu "Vérification en deux étapes". Weka namba sita zako mwenyewe. Hata mtu akipata ile kode ya SMS, atakwama pale.

Angalia "Appareils connectés" kila juma. Ukiona kompyuta usiyoijua, ikate mara moja.

Mu "Confidentialité", ku "Groupes", chagua "Mes contacts", ili mtu usiyemjua asikuingize mu grupu bila kukuuliza. Na wewe uliye mkubwa wa grupu, uliza mtu mbele ya kumwingiza.

Ku meza ya kushaji, zima simu kabisa. Kwa fundi, tosha kadi SIM na kadi ya memori, kaa pale akiitengeneza kama unaweza. Akihitaji kode, iandike wewe mwenyewe.

Kwa mazungumzo yenye uzito, weka "Messages éphémères": ujumbe unajifuta nyuma ya saa 24, siku 7 ao siku 90. Sauti yenye jina na fasi, usiitume mbele hata kwa nia nzuri. Kama ni onyo, andika onyo lenyewe, uache jina la aliyeona.

Hakuna simu iliyofungwa kabisa, na hatutaki mtu aogope simu yake. Simu ndiyo inatuambia kama barabara ya Komanda iko sawa leo, ndiyo inaleta pesa ya karo, ndiyo inatafuta mtoto aliyepotea wakati wa mbio. Inaomba tu kuibeba kama mtu anabeba mtoto wa jirani: si wako peke yako, na mwenyewe atakuuliza.

Saa kumi, utarudi ku ile meza na kakaratasi kako. Kijana atakupa simu, betri imejaa. Mlipe, umshukuru. Mbele ya kuiweka mfukoni, fungua "Appareils connectés", angalia. Nusu dakika tu.